Ukimsimulia Mekatilili, Usianze na Kuku

Kijana wangu, beji ya kutembeza wageni umeipata juzijuzi tu, na juzi hiyohiyo nikakuona pale bustanini mbele ya sanamu ya Mekatilili, yule mama wa Kigiriama aliyewapinga Waingereza, na wageni wako sita. Nilikuwa nimeketi kivulini nanywa dafu. Ulimmaliza kwa dakika nne: kuku akadonoa, mzungu akala kofi, mama akatembea kilomita elfu moja kwa miguu, haya pigeni picha, twendeni mnarani kwa Vasco da Gama. Mreno aliyetia nanga hapa mwaka 1498, akapewa rubani, akashika njia yake kwenda Bara Hindi, huyo ulimpa nusu saa nzima. Sikutaka kukusahihisha palepale, maana mtu haumbuliwi mbele ya mteja wake. Ndiyo nimeona nikuandikie, na wenzako wa kazi hii wasome.

Mimi ni mwaka wa kumi na saba sasa nawatembeza watu Malindi. Mama yangu ni Mgiriama wa Ganda, marehemu baba alikuwa mtu wa Lamu, kwa hivyo habari za zamani nilizisikia mara mbili, jikoni na barazani, na mara nyingi hazikulingana. Makosa nitakayokuonya, mengi niliyafanya mwenyewe.

Kabla ya kufungua mdomo

Nenda pale asubuhi peke yako uangalie kivuli kinaangukia wapi saa nne, kinaangukia wapi saa tisa. Wageni wasimame kivulini, wewe usimame juani. Mtu anayeungua utosi hasikii historia, anasubiri umalize tu.

Halafu zipange habari zako katika vikapu vitatu. Kikapu cha kwanza ni yale yaliyoandikwa wakati uleule na maafisa wa Kiingereza: nani alikamatwa lini, alipelekwa wapi. Cha pili ni yale waliyopokezana wazee kwa mdomo. Cha tatu ni chumvi yetu sisi watembezaji, tunayoongeza ili mgeni afungue pochi. Hiki cha tatu kakimwage baharini. Viwili vya mwanzo vitenganishe kwa namna unavyosema tu: hapa sema "iliandikwa", pale sema "wazee husimulia". Wala usidhani cha kwanza ndicho kweli na cha pili ni ngano. Afisa aliyemwita mama wa watu mchawi naye pia aliandika, tena kwa mwandiko mzuri.

Somo hili nililipata kwa aibu. Mwaka wangu wa pili nilikuwa na kundi la wanafunzi, nikawaambia Mekatilili alivuka mbuga peku, simba wakimpisha njia. Nyuma ya watoto alikuwa amesimama bibi mmoja wa makamo ya nyanya yangu, kajifunga leso, mkoba wa ukili mkononi. Aliniacha nimalize, kisha akauliza kwa sauti ya chini kabisa, "Mwanangu, simba hao uliwaona wewe, ama walikupigia simu?" Watoto walicheka mpaka mwalimu wao akageuka kando. Tangu siku ile simba sijawataja tena.

Jina lake

Usipite jina mbio. Aliitwa Mnyazi wa Menza. Mekatilili maana yake ni mama wa Katilili, na hiyo Me- ya mbele ndiyo "mama wa" kwa Kigiriama. Mswahili yeyote ataelewa hapohapo, kwa kuwa nasi mtu akishazaa jina lake la utotoni hulala, akabaki Mama Fulani. Mgeni wa mbali mfafanulie taratibu, kwa sababu jina hilo lenyewe linamwambia kwamba aliyeongoza vita hivi alijulikana kwa uzazi wake, si kwa cheo.

Na cheo kweli hakuwa nacho. Mambo ya kaya, yaani makao ya asili ya jamii, yaliamuliwa na kambi, baraza la wazee wa kiume. Hapa ndipo pa kukaa kidogo. Mwambie mgeni: mwaka 1913 huyu alikuwa mjane, mtu mzima, hana askari, hana kiti barazani, na bado watu wengi wakamfuata. Akiuliza mwaka wa kuzaliwa, usimtajie. Huko Mutsara wa Tsatsu, upande wa Bamba, hakukuwa na karani wa kuandika vizazi, na miaka unayoiona imeandikwa huku na kule ni ya kukisia.

Anza na kodi

Siku zote natembea na konzi ya mahindi makavu mfukoni. Nikifika nachora mchangani kwa kisigino. Mstari mmoja mrefu ni bahari. Mwingine unaoingia kutoka bara ni Mto Sabaki, unaomwaga maji kaskazini kidogo tu ya mji wetu, ndio maana msimu wa mvua bahari ya Malindi inageuka rangi ya chai ya maziwa. Kokoto hapa ni Malindi, kokoto kule kusini ni Mombasa, na jani kavu ndani huku, upande wa Kaloleni, ni Kaya Fungo, makao matakatifu ya Wagiriama. Kisha namwaga mahindi ng'ambo ya Sabaki, upande wa kaskazini. Nawaambia: hapa ndipo walipokuwa wakilima, wakivuna, wakauza ziada. Pembe za ndovu pia walikuwa wakifanya biashara yake tangu zamani. Hawa hawakuwa watu wa kungoja kibarua.

Sasa muulize mgeni swali moja: mtu mwenye shamba lake na ghala lake, utamfanyaje akubali kwenda kukata mkonge au kubeba mizigo bandarini kwa ujira wako? Waache wafikiri. Karibu kila kundi hutokea mmoja, mara nyingi mkulima kwao, akasema: mtoze pesa ambayo haoti shambani. Basi hiyo ndiyo kodi ya nyumba. Ililipwa kwa rupia, na rupia haimei pamoja na mahindi. Mwaka 1912 Waingereza walimleta afisa wao, Arthur Champion, awatawale Wagiriama kwa karibu, akusanye kodi na kutafuta watu wa kazi. Juu ya hayo, ardhi ile ya ng'ambo ya mto, penye rutuba, ilikuwa imeshatiwa jicho kwa mashamba ya wazungu.

Hapo nayapangusa mahindi kwa kiganja, nayasukuma yote kusini ya mstari. Sisemi kitu. Mzungu mmoja wa makamo aliwahi kuinama akairudisha punje moja ng'ambo, akasimama akiitazama.

Ukianza hivi, Mekatilili anapoingia watu wanajua anapigania nini. Ukianza na kuku, anaonekana mama mkali mwenye hasira ya asubuhi.

Ngoma na kiapo

Alizunguka vijijini akicheza kifudu. Hii ni ngoma ya matanga, ya kulia wafu, na kifudu ikilia watu hukusanyika. Wakishakusanyika, anasema nao. Mkutano wa siasa ungehitaji ruhusa ya mtu, lakini nani anakataza kilio? Mimi hapo humwona ni mwanasiasa hasa. Alijua pa kupitia.

Onyo moja: usiicheze kifudu mbele ya sanamu, wala usimkodishe mtu aicheze ili wageni wachukue video. Mama yangu aliniambia ngoma ya kilio ikichezwa bila maiti inatafuta maiti. Imani yako ni yako, lakini ukiwa na Mgiriama kundini atakukasirikia, na ana haki.

Kiapo nacho kitaje kwa ufupi. Mwaka 1913 watu walikusanyika Kaya Fungo, yeye na Wanje wa Mwadorikola wakiwa mbele, wakala viapo: wanawake kiapo kiitwacho mukushekushe, wanaume kiitwacho fisi. Wakaapa kutolipa kodi wala kuwafanyia kazi wazungu na vibaraka wao. Maneno ya kiapo huyajui, na mimi siyajui, na aliyeyajua hakuyasema kwa mgeni. Nimemsikia kijana mmoja akiyatunga papo hapo, kwa Kiingereza, macho kayafumba. Usifanye hivyo.

Sasa kuku

Kuku mwite sasa, wageni wameshaelewa. Wazee husimulia kwamba katika mkutano na Champion, aliyetaka vijana wachukuliwe, Mekatilili alileta kuku na vifaranga vyake akamwambia: haya, chukua kifaranga kimoja. Champion akanyoosha mkono, kuku akamrukia. Mama akamwambia ndivyo tutakavyokufanya ukigusa watoto wetu. Kuna wanaosema Champion alimpiga kuku risasi, kuna wanaosema kofi lilitembea hapo. Katika kikapu cha karatasi za Serikali kofi silioni, wala sishangai. Afisa gani angeandika kwa mkubwa wake kwamba amezabwa kibao na mjane?

Sema "wazee husimulia", kisha isimulie kwa raha zako zote. Fanya sauti ya kuku. Watoto wapende. Ila uwe na jibu. Mvulana mmoja wa shule ya huko Marafa aliniuliza, daftari wazi, kalamu tayari: "Alimpiga kwa mkono wa kulia ama wa kushoto?" Nilimwambia wazee hawakutuachia hilo. Akaandika vivyo hivyo, neno kwa neno.

Kisii na ile kilomita elfu

Oktoba 1913 Mekatilili na Wanje walikamatwa, wakahamishiwa Kisii, upande wa pili wa nchi kabisa. Januari 1914 wakatoroka. Hapa ndipo chumvi inapomwagwa kwa beleshi, nawe ndipo unapotakiwa kutumia hesabu badala ya simba.

Mwambie mgeni aliyekuja kwa basi akumbuke safari yake. Kutoka Kisii mpaka Nairobi ni kama kilomita 300. Nairobi mpaka Mombasa 480. Mombasa mpaka hapa 120. Hiyo ni 900 kwa barabara ya lami ya leo, yenye soda baridi kila kituo. Njia waliyopita wao haikuandikwa, kwa hiyo usimtajie mtu elfu moja kana kwamba ulishika futi kamba. Taja hizi ndogondogo, ajumlishe mwenyewe. Nimeona wageni wakikaa kimya walipofika kwenye jumla, na hakuna simba aliyehitajika. Mjane mtu mzima, katika nchi ambayo lugha zake hazijui, watu wa Serikali wakimtafuta.

Tarehe 4 Agosti 1914

Kama una dakika kumi tu za kumsimulia, sita zitumie hapa.

Watembezaji wengi wanamweka Mekatilili peke yake, kama kisa cha kijijini. Lakini itazame kalenda. Tarehe 4 Agosti 1914 ndiyo siku Uingereza ilipotangaza vita na Ujerumani. Na siku hiyohiyo, huku kwetu, Waingereza waliitia Kaya Fungo baruti. Hawakuwa wanajua mambo haya mawili yangeangukia siku moja, lakini yaliangukia, na baada ya hapo hayakutengana tena.

Waeleze kaya ni nini kabla hujailipua. Si boma la vita. Ni msitu, ndani yake mahali pa makazi ya zamani, makaburi, vitu vya ibada, na njia ya kuingilia unayoijua tu ukiwa mtu wa hapo. Misitu hii ya kaya za Wamijikenda, ambao Wagiriama ni sehemu yao, iliingizwa mwaka 2008 katika Urithi wa Dunia wa UNESCO, na Kaya Giriama, ndiyo hii Kaya Fungo, imo. Kwa hiyo kile ambacho leo dunia nzima imekiwekea muhuri kitunzwe, kilifungwa kwa baruti na moto. Kwa mgeni Mwislamu mimi humwambia afikirie msikiti wa Ijumaa. Kwa Mkristo, kanisa kuu. Kwa asiye na dini humwambia afikirie nyumba aliyozikiwa mama yake uani. Wote wanafika.

Walidhani kaya ikivunjwa na kiapo kimevunjika. Moto ukawaka kinyume. Agosti hiyo vita vikapamba. Upande mmoja mishale na mikuki, upande wa pili bunduki za askari wa King's African Rifles, keya kama walivyoitwa na watu. Na keya hao walikuwa wakihitajika kwingine, maana Mjerumani alikuwa Tanganyika hapo, hatua mbili tu. Nyumba zilichomwa, mifugo ikachukuliwa. Mwisho Wagiriama walitozwa faini, wakatakiwa kutoa watu wa kubeba mizigo ya vita, na wakaamriwa waihame ng'ambo ya Sabaki, waje kusini ya mto. Hapo ndipo yale mahindi yangu ya mchangani yanapopata maana yake ya pili, na hapo ndipo mgeni aliyeirudisha punje anapoitazama tena.

Usiseme "tulishinda". Usiseme "tulishindwa" pia. Sema yaliyofuata: wapagazi wengi wa Afrika Mashariki waliopelekwa vitani hawakurudi, na baada ya miaka michache Wagiriama waliruhusiwa kuvuka mto tena kulima kulekule. Mwenye akili atapima mwenyewe.

Baada ya vita

Watu wakishamaliza vita huwa wanamwacha mama hapo, kama aliyeyeyuka. Yeye na Wanje walikamatwa tena, wakahamishwa mbali. Alirudi nyumbani mwaka 1919, na yeye na Wanje wakakaa kwenye kaya: Wanje akiongoza baraza la wanaume, Mekatilili la wanawake. Yule ambaye mwaka 1913 hakuwa na kiti, sasa ana kiti. Alifariki mwaka 1924, akazikwa Bungale, huko Magarini, na kifo chenyewe kilikuwa cha kawaida cha mtu mzima. Wageni wanaotaka shujaa afe kwa risasi hukunja uso kidogo. Waache wakunje.

Maswali yatakayokujia

"Alikuwa mchawi?" Hili utaulizwa kila wiki. Jibu: hivyo ndivyo maafisa walivyomwita, kwa kuwa waliona viapo na ngoma, wasione siasa. Usicheke na muulizaji, wala usigombane naye.

"Waswahili na Waarabu walikuwa upande gani?" Hili ni zito zaidi, na ukiwa na wageni wa hapahapa mjini utatamani kulikwepa. Usilikwepe. Wazee wa Kigiriama husimulia kwamba kaka yake, Mwarandu, alinyakuliwa na wafanya biashara ya watumwa, na hasira yake ya kunyang'anywa watu ilianzia hapo. Mashamba ya Malindi yalilimwa na watumwa, hilo si siri. Mimi baba yangu alikuwa mtu wa Lamu na bado nalisema, kwa sauti ileile ninayotajia kodi. Siku moja mzee wa Shella alinisikiliza mpaka mwisho, akasema tu, "Haya, Bi mdogo, umesema." Kesho yake akaniletea kundi la wajukuu zake kutoka Mombasa.

"Mbona kwenye noti hayupo?" Mwambie aulize Benki Kuu.

Ukiwapeleka Bungale

Wakati wa kawaida siwapeleki kila mtu, nawapeleka wale ambao mjini wameuliza zaidi ya picha. Mwezi wa Agosti, wazee na vikundi vya utamaduni wanapofanya ukumbusho wake, utakuta watu wengi na hutakuwa na kazi ya kueleza. Shika mgeni wako mkono, umnyamazishe, atazame. Miezi mingine nenda na mtu wa hukohuko. Ukifika kijijini piga hodi kwa wazee kwanza, kabla ya kamera kutoka begini, na mchango utoe mkononi mwa mzee, usiuache chini kama sadaka ya maskini. Wanawake wawe na leso ya kujifunga. Nauli au mafuta ya gari myapatane Malindi kabla hamjavuka daraja la Sabaki, maana ng'ambo bei hupanda ukionekana na mgeni mweupe. Maji ya kunywa bebeni ya kutosha, njia ina vumbi na jua la huko si la ufuoni.

Na yale mahindi ya bustanini, kabla hujaondoka, yaokote. Mimi siku moja niliyaacha kwa haraka ya basi la wageni. Niliporudi jioni, kuku wa mama muuza mabuyu alikuwa na vifaranga vyake, wamemaliza ng'ambo yote ya Sabaki na wameanza kulichakura lile jani la Kaya Fungo.